Nakala ya Tatu

Aliyelala vizuri kuliko wote katika nyumba ya François hakuwa mtu. Lilikuwa kabati la chuma lililojaa bande, yale maduara makubwa ya utepe wa kahawia ambayo ofisi ya mahesabu ya kampuni ilitumia kuhifadhi majina ya wafanyakazi wake, miaka yao ya kazi, na mishahara ambayo ilikuwa haiwafikii tena. Kabati lilikaa katika chumba cha nyuma, chumba pekee chenye dari nzima, likipulizwa na feni pekee ya nyumba. François, mkewe Philomène na watoto wao walijibana katika chumba cha mbele, na hawakupulizwa na chochote.

Sheria ya nakala ilikuwa imeandikwa na Wabelgiji, na kama mambo mengi waliyoyaacha mjini Likasi, Kongo, hakuna aliyethubutu kuigusa wala kuitengeneza. Habari zote za kampuni ziwe na nakala tatu. Ya kwanza ikae ndani ya disque, mashine kubwa kama kabati la nguo. Ya pili iandikwe kwenye bande na kubaki ofisini. Ya tatu iandikwe kwenye bande nyingine na kulala mbali na jengo, ili moto ukija usizikute zote pamoja. Zamani nakala ya tatu ilipelekwa Lubumbashi kwa gari la kampuni, ikalazwa katika chumba cha chuma. Baada ya uporaji wa askari wasiolipwa, gari lilibaki bila magurudumu, chumba cha chuma kikabaki bila mlango, na sheria ikabaki palepale. Chef Tshimanga, mkuu wa ofisi, akatafuta nyumba kavu isiyo na mlevi. Akampata François, mfanyakazi wake.

François alifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo, ingawa hakupandishwa chochote. Alirudi nyumbani na masharti. Mbabula, jiko la makaa, isiwashwe ndani, moshi utaharibu bande. Nguo mbichi zisianikwe kwenye korido. Watoto wasikimbie, vumbi litaamka. Philomène akahamishia jiko lake nje, chini ya ukingo wa bati, akawa anasonga bukari, ugali wao, huku mvua ikimwongezea maji bila kuombwa.

Kilicholisha nyumba hiyo kilikuwa lutuku. Philomène aliipika nyuma ya choo, ile pombe kali ya mahindi inayodondoka tone kwa tone kutoka kwenye bomba la pipa, na mtaa mzima uliijua. Walimu na makarani, watu wasiolipwa lakini wenye koo laini, walisema lutuku ya Mama Élise, kama alivyoitwa kwa jina la mtoto wake, ndiyo pekee isiyokwaruza. Siri ilikuwa sukari. Philomène aliichemsha ikawa maji mazito yasiyo na rangi, akayachanganya ndani ya kila chupa, na hakumwambia mtu. Mume wake hakuwa na namna ya kujua. François alikuwa mtu wa kanisa, hakuwahi kuonja pombe, na alipopita karibu na lile pipa aliangalia upande wa pili. Chakula kilichotoka kwenye pipa hakukigeuzia uso.

Ijumaa moja alisimama mlangoni akijikuna kichwa.

"Mama Élise, unipatie chupa moja."

Philomène alidhani hakusikia vizuri. "Chupa ya nini?"

"Ya kile kintu yako. Haiko yangu, iko ya mashini. Alcool ya kusafisha kichwa ya mashini iliisha ku bureau. Chef anasema alcool ni alcool."

"Ile alcool ya bureau, nani aliimaliza?"

"Iliisha tu."

"Chef Tshimanga anatembeaka na macho nyekundu sawa nyanya, na weye unasema iliisha tu."

François akanyoosha mkono kuipokea. Kichwa hicho cha mashine kilikuwa chuma kidogo kinachogusa utepe na kuuandika, na kilitakiwa kufutwa kila wiki kwa pamba na spiriti, alcool ile ya ofisini. Philomène alipanga chupa zake mezani, akazipima kwa jicho, akachagua iliyo nzuri kuliko zote. Mashine ndiyo iliyobeba jina la mumewe, hakutaka ipewe kitu cha hovyo. Tangu siku hiyo kila Ijumaa ilikuwa na chupa yake.

*

Wakati wa mvua kubwa, mama yake Philomène akaja kutoka Kambove. Mama Germaine alishushwa kwenye baiskeli ya jirani, amefungwa kwa kitenge asianguke, akikohoa tangu barabarani. Mahali pekee pa kumlaza palikuwa saluni, yaani sebule, kwenye mkeka karibu na mlango.

Hapo ndipo François alipopata taabu. Mwanamume mwenye adabu hapiti mahali alipolala mama mkwe wake, achilia mbali kumruka akiwa amejifunika shuka. Na mlango wa nyumba ulifungukia saluni. François akang'oa nondo mbili za dirisha la chumba cha nyuma, akawa anaingia nyumbani kwake kwa dirisha, na kutoka kwenda kazini kwa dirisha, tai shingoni na bande kifuani. Majirani walianza kuchungulia saa za kazi ili wasikose.

"Papa Élise," Philomène alimwambia siku ya tatu ya kikohozi, "tutoshe ile kabati. Mama alale mu chumba, apate na ile ventilateur inapuliza. Na weye utapita ku mulango sawa muntu."

"Ile haiko kabati. Ile ni troisième copie, nakala ya tatu."

"Copie ya nini?"

"Ya bantu bote ba kampuni. Minye pia niko mule. Disque ikikufa, na bande ya bureau ikiungua, tutabakia na hii tu."

"Na mama akikufa, copie yake iko wapi?"

François akageukia kabati, akajaribu kama limefungwa vizuri. Kutoka saluni Mama Germaine, ambaye masikio yake hayakuwa yanaumwa, alisema kwa sauti ya chini, "Muache, mwanangu. Mukwe wangu anachunga bantu mingi." Alisema bila kejeli yoyote, na ndiyo maana Philomène alilia.

Kesho yake Chef Tshimanga alikuja kukagua. Aliingia kwa mlango, maana hakuwa mkwe wa mtu pale, akamruka Mama Germaine pasipo kusalimu, akaenda kupima unyevu wa chumba kwa kidude chake cha kioo. Alirudi amekunja uso.

"Humidité imepanda. Huyu mama anakohoa saa yote?"

"Anagonjwa, chef," Philomène alisema.

"Naona. Mutu anakohoa, mupumuo inatoka, inaenda mu bande. Ni science. Mumuweke ku baraza."

"Ku baraza, na hii mvua?"

"Mama, minye shiko docteur. Niko responsable ya données, ya habari ya kampuni."

Halafu akaketi kwenye kiti pekee cha saluni, mbele ya mgonjwa, akaomba glasi. Alikunywa lutuku mbili, akalamba midomo, akaondoka bila kulipa. Mama Germaine alihamishiwa barazani jioni ile, mbele ya mlango uleule, na François akaendelea na dirisha lake. Philomène alimfunika kwa kila kitu alichokuwa nacho, kisha akakaa naye hadi akalala, na moyoni alitamani lile kabati lishike moto.

*

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la kiwanda mwezi uliofuata. Kampuni inapunguza watu na nyumba. Mfanyakazi aliyetimiza miaka ishirini ya kazi atapewa nyumba anayokaa, iwe mali yake na ya watoto wake. Ambaye hajatimiza atatoka.

François alisoma tangazo mpaka watu nyuma yake wakamsukuma. Miaka yake ilikuwa imepita ishirini. Alirudi nyumbani mbio, akaingia kwa dirisha, akamwita mkewe kwenye korido.

"Mama Élise, nyumba ni yetu."

"Nani anasema?"

"Disque. Miaka yangu yote iko mule. Sasa unaona juu ya nini nilikuwa nachunga?"

Philomène aliangalia kuta zilizochubuka, korido isiyoruhusiwa nguo mbichi, dari ya chumba cha mbele iliyotoboka. Akasema, "Tukishaipata, mama anaingia mu chumba. Unanisikia? Siku ileile." François akaapa. Usiku huo Philomène alihesabu moyoni vyumba vya kulala vya nyumba yake mwenyewe, na ingawa vilikuwa viwili tu, alirudia mara nyingi.

Wiki hiyohiyo transfoma ya kiwandani ilipasuka. Umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, ukakatika tena, na disque ikatoa mlio mmoja mrefu wa chuma kukwaruza chuma. Fundi aliifungua akakuta sahani zake zimekwaruzwa. Nakala ya kwanza ilikuwa imekufa. Wakaenda kuchukua ya pili, ile iliyokaa ofisini, wakakuta bande nyingi hazipo. Walinzi walikuwa wameziuza kwa watu wenye mashamba, ambao walitandaza utepe juu ya mahindi ili ulie kwenye upepo na kufukuza ndege. Zilizobaki zilikuwa zimeloa.

Ikabaki nakala ya tatu.

Basi Directeur mwenyewe, mkuu wa kampuni, akaja nyumbani kwa François, kwa gari, na Chef Tshimanga nyuma yake akiwa amevaa koti. Directeur aliinama mbele ya Mama Germaine barazani, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Bonjour, mama. Unalalaka hapa inje, na hii baridi? Juu ya nini?"

"Juu ya mupumuo, papa," Mama Germaine alisema.

Directeur hakuelewa, na Tshimanga hakuona haja ya kumweleza. Walitoa bande moja baada ya nyingine, wamezifunga kwenye shuka safi ambayo Philomène aliombwa aitoe, na Directeur akamwita François "mon cher", kama rafiki yake mpenzi. Majirani walijaa barabarani. Wale waliokuwa wakicheka dirisha sasa walipiga makofi, maana nao miaka yao ilikuwa humo. François alitembea nyuma ya gari kwa miguu, hakupewa nafasi, lakini alitembea kifua mbele, na Philomène akamwonea fahari. Kwa mara ya kwanza alifikiri kwamba labda lile kabati jinga lilistahili feni.

*

François alirudi jioni. Alikaa chini ya dirisha, upande wa nje, hakuingia. Philomène alimkuta hapo akiwa amekalia ndoo.

"Haina kintu," alisema.

"Haina nini?"

"Bande. Yote. Tuliweka ya kwanza, haina kintu. Ya pili, haina kintu. Mpaka ya mwisho. Ni kelele tupu, sawa redio yenye haina poste. Tangu mwaka jana, mashini ilikuwa naandika upepo juu ya zile habari za zamani."

"Lakini ulikuwa nasema taa ya mashini inawaka muzuri."

"Taa ya verte, ile ya kijani, ilikuwa nawaka. Taa inasema bande inazunguuka. Ilikuwa nazunguuka." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. Zamani, alieleza, walipomaliza kuandika bande waliisoma tena yote kuhakikisha kilichoandikwa kimo. Directeur alikuwa amefuta kazi hiyo ili kubana matumizi ya umeme, akapongezwa kwa barua kutoka juu. "Hatukusoma ata moja, Mama Élise. Nilikuwa nabeba, nachunga, napita ku dirisha. Kusoma hatukusoma."

"Lakini sababu ya mashini kutoandika ni nini?"

"Kichwa yake. Fundi aliifungua, iko na kintu ya kunata, sawa gundi. Na sisimizi. Sisimizi mingi ndani ya mashini, banapanga mustari. Chef ameandika rapport. Anasema sisimizi zilitoka mu nyumba yangu, juu ya chakula ya mama mugonjwa. Na humidité. Anasema ni kosa yangu, nyumba watanipokonya."

 Sisimizi aliwafahamu. Walimpigia foleni kila alipopika, walijua njia ya chupa zake kuliko wateja, na hakuna kitu kilichowapeleka mahali isipokuwa kimoja. Akashika ukuta wa nyumba ambayo haikuwa yao tena.

Alitaka kusema papo hapo. Lakini mumewe alikuwa akilia, mtu mzima juu ya ndoo, naye aliogopa.

*

Siku mbili baadaye waliitwa ofisi ya nyumba. Mwenye ofisi alikuwa mama mmoja aitwaye Kabedi, miwani puani, sweta mabegani. Alikuwa na rapport ya Tshimanga mezani na alionekana kuwa na haraka ya kumaliza.

"Papa François, kufuatana na hii rapport, tunakufukuza. Utatosha bintu yako mu nyumba kwa siku nane. Nipe matricule nikuandikie lettre."

François alitaja namba yake. Kabedi akavuta droo kutafuta faili lake, akafungua kabati, akapiga, kwa mazoea, simu iliyokuwa haifanyi kazi. Akarudi kukaa.

"Dossier yako haiko."

"Ilikuwa mu disque, mama."

"Shiwezi kufukuza muntu bila dossier. Nitaandika nini? Iko na contrat gani? Alianza lini? Nitakufukuza mu kazi gani?"

"Nilianza mwaka wa..."

"Hapana kunisemea. Kila muntu anaweza kuya hapa anasema alianza mwaka fulani. Inabidi preuve, karatasi ya kuonyesha."

Philomène akaingilia. "Mama Kabedi, samahani. Mume wangu hana dossier, basi nyumba hawezi kupewa?"

"Hawezi. Bila miaka ishirini, nyumba haiwezi kuwa yake."

"Na bila dossier, hamuwezi kumufukuza?"

Kabedi aliwaza, akatoa miwani. "Kwa kweli, hapana. Kwa sisi, ule muntu hayuko."

"Na mu nyumba yetu munaandika nani anakaa?"

Mama Kabedi alitafuta kwenye karatasi zake chache zilizookoka, kisha akasema kwa uchovu, "Inakaa bure. Hakuna muntu." Aliwaambia warudi nyumbani wakasubiri barua. Barua yenyewe ingetoka dossier zikipatikana, na dossier zingepatikana disque ikipona.

Walirudi kwa miguu. Nusu ya mji ilikuwa katika hali hiyohiyo: hawakuwa wafanyakazi, hawakuwa wameachishwa kazi, na walikaa katika nyumba ambazo hazikukaliwa na mtu. Directeur peke yake alikuwa na dossier ya karatasi, nzuri, ndani ya mkoba wake, na alihamia Lubumbashi nayo. François alitembea taratibu. Zaidi ya miaka ishirini ya maisha yake ilikuwa haipo popote duniani, si kwenye disque, si kwenye bande, wala kwenye kinywa cha kampuni, na uchungu wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba.

*

Walipofika, Philomène hakuketi. Aliita watoto, wakavuta kabati tupu hadi uani, wakafagia chumba cha nyuma kwa nguvu, vumbi likaruka kwa furaha. Akatandika mkeka, akaweka godoro lake mwenyewe juu yake, akamshika mama yake mkono, akamwingiza. Feni ikageuzwa ikamtazama. Umeme ulikuwepo siku hiyo.

"Hii upepo yote ni yangu?" Mama Germaine aliuliza.

"Yako yote, mama."

"Ah. Basi zile bande zilikuwa nakula maisha."

François alisimama nje ya dirisha kwa mazoea, akaona mama mkwe wake amelala upande wa pili, akageuza uso haraka. Hakuwa na pa kupita. Ikambidi azunguke nyumba nzima hadi mbele, akasukuma mlango kama mtu anayeingia kwa watu. Saluni haikuwa na mgonjwa wala mkeka. Philomène alikuwa amesimama kando ya meza, na mbele yake kulikuwa na chupa moja, glasi moja na kikopo cha sukari.

"Ikala, Papa Élise. Niko na neno."

Akaketi.

"Ile kintu ya kunata," Philomène alisema. Akasogeza kikopo mbele ya mumewe. "Lutuku yangu natiaka sukari. Tangu zamani. Njo inafanya isikwaruze. Na chupa ya mashini nilikuwa nachagua yenye iko na sukari mingi, juu nilisema, ni kazi ya bwana yangu, nimupe ya muzuri. Ni minye nilikufuta, Papa Élise. Si sisimizi, si mama. Ni minye."

Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikuwa amejiandaa hata kwa mkono, ingawa François hakuwahi kumpiga. François aliangalia chupa, halafu kikopo, halafu mikono ya mkewe iliyoungua kwenye pipa kwa miaka yote ambayo kampuni haikumlipa. Kutoka chumba cha nyuma ilisikika feni, na Mama Germaine akipumua bila kukohoa.

"Chef Tshimanga alikuwa naikunywa," François alisema mwishoni. "Ile ya mashini. Kila juma alikuwa nakunywa nusu. Aliyua iko na sukari."

"Aliyua."

"Na hakusema."

"Angesemaje, na yeye ndiye alikuwa nakunywa?"

François akatikisa kichwa. Kisha akanyoosha mkono, akachukua glasi iliyokuwa mezani, ileile ya Tshimanga, akaipangusa kwa shati lake, akaisogeza kwa mkewe.

"Unitilie."

"Weye? Na kanisa?"

"Ku kanisa pia batafute jina yangu. Utaona, haiko." Akaisogeza zaidi. "Unitilie, Mama Élise. Nataka niyue kile kintu chenye kilinimaliza."

Philomène akamimina. François akanywa, akakohoa hadi machozi yakamtoka, akangoja yapungue. Alilamba midomo polepole, kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza.

"Iko tamu," alisema. "Mashini ile, siku zake za mwisho ilikula vizuri kuliko siye."

Kisha akasukuma glasi tena, na Philomène, akilia na kucheka, akatia sukari.